Mtoto Aliyekunywa Maji ya Wageni

Siku niliyokabidhi funguo za stoo, Rehema, binti aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza sabuni zimebaki ngapi wala blanketi zipi zimeliwa na panya. Aliuliza: "Bi Tatu, mtoto akikwambia baba yake anaitwa Baba, unaandika nini?" Nikamwambia akae nimweleze. Akasema gari lake la Mwandiga linaondoka, tutaongea siku nyingine. Siku nyingine haijafika, na mimi tangu nistaafu muda ninao, kwa hiyo naandika.

Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo nilipata vitatu, na vyote vitatu kazi ilikuwa ileile: kuogesha, kulisha, kufuta makamasi na kujaza fomu. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa nia njema kabisa, ambalo nusura limnyime mtoto bibi yake. Wastaafu wenzangu hupenda kuandika walikofaulu. Mimi naona mtafaidika zaidi na hili.

Nilizaliwa Ujiji na kuolewa Buzebazeba, nikafundisha chekechea miaka michache. Wakimbizi wa Burundi walipoanza kuvuka kwa wingi, walikuja na watoto ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Mtu alimkuta mtoto njiani analia, akambeba, akavuka naye, akafika naye kwetu. Shirika moja likafungua kituo upande wa Kidahwe, likatafuta wanawake wanaojua watoto. Nikaenda nikidhani ni kazi ya wiki tatu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, najua kusuka, najua kupika, na nilijiona najua adabu kuliko wanawake wote wa mkoa huu. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Kituo kilikuwa na nyumba sita za matofali na bati. Kila nyumba ilikuwa na watoto wanane na mlezi mmoja, tukiishi kama familia: tunapika pamoja, tunalala pamoja, tunagombana pamoja. Mimi nilikuwa Nyumba ya Tatu. Kwangu nilirudi Jumamosi moja, nyingine nabaki. Mume wangu na watoto wetu wawili waliangaliwa na mama mkwe, ambaye mpaka anafariki alikuwa akinikumbusha.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Mama Anastazia, Muha wa kule juu Kasulu, mwanamke mrefu mwenye msalaba wa mti shingoni na maneno machache mdomoni. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo yeye alizungumza na watoto bila shida. Kiha changu mimi kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei ya maharage. Alinipa fomu, daftari, na kalamu ya risasi yenye kamba ya kuvaa shingoni. Nikamwuliza kwa nini si ya wino. "Kwa sababu mtoto atabadilisha jibu kabla ya chakula cha mchana," akasema.

Mtoto wangu wa kwanza kumwandika aliitwa Bosko, wa miaka mitano hivi. Mama Anastazia alikaa pembeni akitafsiri, uso mkavu.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Baba."

"Watu wengine wanamwitaje?"

Bosko akafikiri sana. "Wanamwita 'Toka nje tuongee'."

"Na mama yako anamwitaje?"

"Mama hamwiti. Anakuja mwenyewe chakula kikiiva."

"Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Ni pale ambapo jua linatokea kwa jirani."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini." Akaniangalia usoni kuona kama imetosha, akaongeza, "Na mmoja."

Fomu ilikuwa na mistari kumi na minane na mimi nilikuwa nimejaza jina Bosko. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia Mama Anastazia kwamba huyu mtoto ama ananichezea ama hana akili. Akasema hapana, ila nimemwuliza maswali ya mtu mzima. "Mpe kazi, kisha umwangalie," akasema. "Mtoto hajui kijiji chake kinaitwaje, lakini mikono yake inajua kwao kunafanywa nini."

Nikampa Bosko fagio. Akafagia vizuri tu chini ya mti, akaweka kigoda katikati, akamkamata mwenzake mmoja mdogo akamkalisha. Akaokota kijiti. Akamwinamisha kichwa, akapitisha kijiti kutoka kisogoni hadi utosini, akapuliza shingoni, fuu, akampiga kibao kidogo kisogoni, akasema, "Mwingine." Watoto wakapanga foleni. Baba yake alikuwa kinyozi, na sidhani kama kuna mtu angeweza kuonyesha hivyo kwa mistari kumi na minane. Tulitangaza kambini kinyozi aliyepotelewa na mtoto aitwaye Bosko, na wiki ya tatu baba akaja. Kwa nini watu walikuwa wakimwita nje waongee, hatukuuliza.

Kwa hiyo Rehema, andika "Baba", ndiyo, usimdhihaki. Halafu chini yake andika alichokifanya mtoto siku hiyo, hata kama kinakuchekesha, hata kama hukielewi. Hasa kama hukielewi.

Vichekesho vilikuwepo kila siku, msidhani tulikuwa tunalia tu. Kulikuwa na mtoto aliyekataa kula dagaa kwa sababu wanamwangalia. Nilijaribu kumweleza kwamba dagaa wa sahani haoni tena. Akajibu kwamba basi mbona hawajafumba macho. Nikawa nampangia dagaa wake wote vichwa vikielekea ukutani, na hapo alikula akamaliza. Mwingine tulimpeleka mjini kwa daktari wa meno, gari likateremka kwenye mlima ziwa likaonekana lote. Alizaliwa milimani, hakuwa amewahi kuliona mchana. Akaniuliza nani kayamwaga maji yote yale, na kama amekwisha kuchapwa.

Kulikuwa pia na msichana wa miaka minne aliyegundua kwamba mimi sina mume pale kituoni. Akanihoji. Mume wako yuko wapi? Nikasema yuko Buzebazeba. Ulimpotezea huko? Nikasema hapana, nimemwacha tu. Akanishika mkono kwa huruma, akanipeleka mpaka kwa Mama Anastazia, akamwambia: "Huyu naye hajaandikwa." Mama Anastazia alitoa fomu, akaniuliza jina la mume wangu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Sasa nije kwa Kaneza.

Aliletwa na wanawake watatu waliovuka naye. Walimkuta kando ya njia, hawakumjua, na hawakujua kama waliokuwa naye wamekufa au wamekimbilia upande mwingine. Tulikadiria miaka yake kwa meno, tukaandika mitatu na nusu. Jina lake alilijua, Kaneza, lakini akina Kaneza Burundi ni wengi kama akina Mwajuma Ujiji. Alisema anaishi na Nyogokuru, yaani bibi. Bibi anaitwa nani? Nyogokuru. Kazi yake nini? Ni Nyogokuru. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa, nikampa kazi. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mkaguzi wa afya kutoka mjini, bwana wa suti ya kijivu, na mimi nikamtuma Kaneza ampelekee maji.

Kaneza akakibeba kikombe kwa mikono miwili, polepole, hakumwaga hata tone. Nikajivuna. Alipofika mbele ya mgeni akasimama, akakipeleka kikombe mdomoni mwake mwenyewe, akapiga funda moja, akajifuta kwa mkono, akamwangalia mgeni machoni. Akamwambia, kwa Kirundi, neno ambalo dereva wa mkaguzi alilitafsiri kabla sijamzuia: "Kunywa. Mimi sijafa."

Mkaguzi wa afya alikiangalia kikombe. Kisha akaniuliza maji yetu tunachota wapi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ninyi vijana hamjui adabu ya maji ya mgeni Ujiji ilivyokuwa. Kikombe kinakaa juu ya sahani, kimefunikwa. Mtoto anapiga magoti, anatazama chini, hasemi neno, anasubiri mgeni amalize aondoke na chombo. Mtoto akionja maji ya mgeni, anayetukanwa ni mama yake. Na Kaneza hakukosea mara moja. Wiki ileile alimnywea padri. Wiki iliyofuata alimnywea mama mmoja wa makao makuu, akamwambia naye kwamba hajafa, na yule mama akasema kwa Kiswahili cha kujifunza kwamba amefurahi kusikia.

Nikamwendea Mama Anastazia. Nikamwambia mtoto huyu ataniaibisha mpaka lini. Akasema, "Mwache."

"Nimwache anywe maji ya wageni?"

"Mwache, Bi Tatu. Ana yake huyo."

Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Nikajisemea moyoni kwamba hawa watu wa juu nao, adabu watajulia wapi. Naandika hivi nikiona aibu, lakini ndivyo nilivyowaza, na mkiandika kumbukumbu zenu andikeni ukweli au msiandike.

Nikamfundisha mwenyewe. Kila siku baada ya alasiri nilikaa kwenye benchi nikawa mgeni. Kaneza analeta maji, akionja, namrudisha mwanzo: mpaka kwenye mtungi, achote upya, aje tena. Sikumpiga, sikumkaripia sana, nilimrudisha mwanzo tu. Siku moja nilimrudisha mara kumi na moja, mpaka akaomba ruhusa akakojoe, maji yamemjaa. Akaenda, akarudi, tukaendelea. Mara ya kumi na mbili akasimama na kikombe mkononi, anakitamani, akaniuliza kwa Kiswahili alichoanza kukishika:

"Sasa mgeni atajuaje?"

"Atajua nini?"

"Kwamba mimi sijafa."

"Hilo halimhusu mgeni," nikasema. "Piga magoti."

Akapiga magoti. Baada ya miezi mitatu hakuna mtoto aliyekuwa na adabu kama yeye kituo kizima. Kikombe juu ya sahani, macho chini, mdomo umefungwa. Kiswahili alikuwa ameshakishika, lakini kwa wageni hakusema hata hicho. Wageni walimsifu, wakaniuliza ni wa wapi, mimi nikasema ni wa Nyumba ya Tatu, nikivimba kichwa. Mkaguzi wa afya aliporudi alikunywa maji yote.

Ulipita mwaka na ushei. Watoto wengi walipata ndugu zao, Kaneza hakupata. Tulikuwa na afisa wa kutafuta ndugu, Bwana Kalisti, mtu mwembamba, mkali wa taratibu, na alikuwa na sababu. Watu walikuwa wakidai watoto wasio wao, wengine kwa uchungu wa kupoteza wa kwao, wengine kwa tamaa ya mikono ya kufanya kazi. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: ndugu na mtoto wakutane, kila mmoja aseme au afanye anachokijua, na mlezi akae kimya. Mlezi akisema neno, ushahidi umeharibika.

Asubuhi moja Bwana Kalisti alifika na bibi kizee kutoka kambi ya mbali huko bara. Bibi Seseliya. Alishikwa mkono kushuka kwenye gari, kwa sababu macho yalikuwa na utando mweupe, anaona mwanga na kivuli tu. Picha za watoto tulizokuwa tunabandika kwenye mbao hazikumfaa kitu. Bwana Kalisti akaniita pembeni.

"Huyu bibi nimemzungusha kwa akina Kaneza wawili," akasema. "Wote si wake. Wako ndiye wa mwisho kwenye orodha yangu. Asipokuwa huyu, nafunga jalada, na mtoto anakwenda kwa ile familia ya Mwandiga."

Ile familia ilikuwa ya watu wema, nilikuwa nimeikagua mwenyewe. Walikuwa tayari wamemtengenezea kitanda. Lakini mtoto mwenye bibi yake hai akilelewa na watu baki kwa kukosa kutambuliwa, hilo kwetu lilikuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote, na halikuwa na marekebisho, maana jalada likishafungwa bibi anarudi kambini, na kambi zinahamishwa.

Tukakaa ofisini. Bibi kwenye kiti, Bwana Kalisti mezani, mimi mlangoni. Bibi alizungumza Kirundi na Bwana Kalisti akawa anatafsiri. Akasema: "Msinieleze sura yake, mtakachoniambia nitakiamini kwa hamu yangu. Mwambieni aniletee maji tu. Wala msimwambie mimi ni nani."

Moyo wangu ukatulia. Kama ni maji, nikajua Kaneza wangu hataniangusha.

Akaja. Kikombe cha bati juu ya sahani, kimefunikwa na kitambaa nilichokishona mwenyewe. Akapiga magoti. Macho sakafuni, kimya kabisa. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa, akakipokea kikombe. Hakunywa. Alikishika mapajani, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Kaneza naye anasubiri chombo chake, kama nilivyomfundisha.

"Huyu si wangu," bibi akasema.

Bwana Kalisti akamwuliza kama ana hakika.

"Ni mtoto mzuri. Ana adabu sana, amelelewa na mtu. Wangu si hivyo." Akainama akakiweka kikombe sakafuni kikiwa kimejaa, taratibu, kama mtu aliyechoka.

Bwana Kalisti akavuta jalada akafungua kalamu. Kaneza akainuka, akaja kwangu akashika pindo la kanga, akaniinulia uso kuuliza kama amefanya vizuri. Neno lile, "wangu si hivyo", lilikataa kutoka kichwani. Mtoto wa miaka mitano unamkataa kwa kupiga magoti?

"Mwulize wake yukoje," nikasema.

"Bi Tatu." Bwana Kalisti hakuinua macho.

"Sisemi kitu. Mwulize tu yeye."

Akauliza. Bibi akajibu, mwanzoni kwa shida, halafu maneno yakawa yanakuja yenyewe. Alikuwa akipika pombe ya ndizi nyumbani kwake na kuwauzia watu. Na kwao, akasema, mkono unaotoa kikombe hunywa kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Asiyeonja anakutisha au anakudharau. Yeye mikono yake ilikuwa kwenye mitungi, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyebeba vikombe, tangu alipojua kutembea bila kuyumba. Anaonja tone, anakunja uso, kisha anamwambia mnywaji: Kunywa, mimi sijafa. Mlevi mmoja ndiye aliyemfundisha, na mtoto akashika. "Watu walitoka kilima cha pili kuja kuambiwa hivyo," bibi akasema. "Huyu nimemsubiri, nimemsubiri. Hakunywa."

Kuhusu mtoto na pombe nilikuja kuwaza baadaye. Siku ile nilikuwa na langu. Nilisikia vibaya jinsi ambavyo sijawahi kusikia tena katika kazi hii. Kitu pekee ambacho mtoto huyu alibeba kutoka kwao, kuvuka milima na ziwa, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi jioni baada ya jioni namwondolea. Na kilichobaki, sauti na macho, nikavifunga kwa adabu yangu.

"Bwana Kalisti," nikasema, "ni mimi. Alikuwa anafanya hivyohivyo, na maneno hayohayo. Nilimfundisha aache."

Akaweka kalamu. "Bi Tatu, umesema baada ya bibi kusema. Ningekuwa mimi namhurumia mtoto, na mimi ningesema hivyo."

Alikuwa na haki. Niliwahi kuona mlezi akimsaidia mtoto hivyo kwa huruma, na mtoto akaenda kwa watu wasio wake. Nikatafuta shahidi kichwani. Mama Anastazia alikuwa likizo Kasulu. Wageni waliomwona hawakuwepo. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi wake wa kwanza pale, kwa hasira zangu, nilimshitaki Kaneza kwa maandishi.

"Soma fomu yake," nikasema. "Ukurasa wa nyuma, kwenye tabia."

Akafungua. Ulikuwa mwandiko wangu, kwa kalamu ya risasi, na chini yake tarehe na sahihi ya Mama Anastazia. Akasoma kwa sauti: "Hunywa maji ya wageni kabla yao na kuwaambia kwamba yeye hajafa. Anarekebishwa."

Akasoma tena, safari hii kimoyomoyo. Kisha akaniangalia na kurudia neno la mwisho peke yake: "Anarekebishwa." Baadaye, Mama Anastazia alipotoka likizo, nilimlaumu kwa nini hakunieleza, akashangaa kweli. "Nilidhani unajua," akasema. "Nani asiyejua?" Tulikuwa tumekula chungu kimoja mwaka mzima, kila mmoja akidhani la kwao linajulikana dunia nzima.

Siku ile ofisini, bibi alikuwa haelewi Kiswahili. Aligeuza kichwa huku na huku akiuliza tunasema nini. Bwana Kalisti akamwambia asubiri kidogo, mtoto ataleta maji tena.

Nikachuchumaa mbele ya Kaneza. "Mpelekee yule bibi kile kikombe," nikamwambia, "lakini leo umpe kama ulivyokuwa unawapa wageni zamani. Unywe kwanza."

Akanitazama kwa mashaka. "Mimi kwanza?"

"Wewe kwanza."

"Hutanirudisha mwanzo?"

"Sikurudishi, mwanangu."

Hakuniamini. Akaenda akakiokota kikombe sakafuni, akakiinua mpaka mdomoni, akanichungulia juu ya ukingo wake. Mimi kimya. Akapiga funda dogo, akasimama, akanichungulia tena. Mimi kimya. Akapiga la pili, kubwa. Kisha akafumba macho akainua kikombe, akanywa, akanywa, koo linapanda na kushuka, maji yanamchuruzika kidevuni mpaka kwenye gauni, hakupumua mpaka kikombe kikatazama dari. Akakishusha, akahema, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili.

"Yameisha," akasema.

Bibi akaingiza kidole ndani ya kikombe, akakizungusha chini kabisa. Kikavu. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia, na kilipotoka kilitoka na machozi. Akaudaka mkono wa Kaneza, akapapasa kifundo, kiwiko, bega, mpaka sikio, na sikio hakuliachia.

"Mwizi wangu," akasema. "Kikombe cha mwisho kila siku alikimaliza mwenyewe. Ni huyu. Andika."

Bwana Kalisti akaandika. Kaneza, sikio likiwa bado mkononi mwa bibi, alikuwa anamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa karibu, na hakutaka kuondoka hapo. Bibi akavuta pua, akasema safari ilikuwa na vumbi na yeye hata tone hajapata. Nikachukua kikombe nikaenda kuchota mengine.